TB ya mifupa kwa mtoto: mwongozo kamili kuanzia kilio cha usiku hadi dozi ya mwisho, na baada yake

Angusha sarafu ya shilingi kumi sakafuni, umwambie mtoto aiokote. Mtoto mzima huinama, mgongo ukajikunja kama upinde, akaidaka na kuuliza kama anaweza kwenda nayo dukani. Mtoto mwenye TB ya uti wa mgongo huchuchumaa. Hukunja magoti na nyonga, mgongo ameuacha wima kama ubao, kisha akiinuka hujipandisha kwa mikono juu ya mapaja yake mwenyewe. Jaribio hili halina malipo wala foleni. Mimi ni afisa wa kliniki, kazi yangu ni ya kliniki ya TB huku Eastlands, Nairobi, na hiyo sarafu imenionyesha mengi kabla mashine yoyote haijawashwa.

Nawaandikia wazazi kwanza, kisha wenzangu wa vituo vidogo wanaomwona mtoto huyu mwezi wa kwanza, wakati bado mgongo unaweza kuokolewa mzima.

Ugonjwa unaokwenda kimyakimya

TB ya mifupa si ugonjwa mwingine mbali na ile TB ya kukohoa. Ni kijidudu kilekile. Mtoto hukivuta kwa pumzi, mara nyingi kutoka kwa mtu mzima anayelala naye chumba kimoja, kikapita mapafuni na kuchukuliwa na damu hadi kwenye mfupa. Huko kinaweza kutulia miezi au miaka. Wengi wa watoto hawa hawakohoi kabisa, na hapo ndipo watu wanapokosea, kwa kuwa mtaani TB ni kikohozi.

Karibu nusu ya TB yote ya mifupa hukaa kwenye uti wa mgongo, hasa chini ya kifua na pale kifua kinapokutana na kiuno. Zinazofuata ni nyonga na goti. Kwa watoto wadogo sana hata vidole vya mkono huvimba katikati, vikawa kama vimevalishwa pete ya nyama. Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, alieleza mwaka 1779 jinsi wenye vibiongo wanavyopooza miguu. Kijidudu chenyewe kilikuja kutangazwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882.

Bakteria wa kawaida wa usaha huzaana kila baada ya nusu saa hivi, ndiyo maana mtoto mwenye jipu la mfupa la kawaida huwaka homa na kulazwa ndani ya siku mbili tatu. Kijidudu cha TB huchukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja. Kwa hiyo ugonjwa ni kaa lililofunikwa jivu: homa ndogo jioni, hamu ya chakula kupungua, mtoto kuacha kuruka kamba na wenzake. Upole huo ndio unaodanganya. Na ndio pia unaofanya matibabu yawe marefu.

Hatua ya 1: Fungua daftari

Nunua daftari la kawaida la shule, uandike juu jina la mtoto na tarehe aliyozaliwa. Usicheke. Mama mmoja wa Kayole alinijia na binti wa miaka minne aliyekwisha kupita vituo vitano katika miezi saba. Kila mahali alianza upya: "Analalamika mgongo, daktari." Kila mahali akapewa dawa ya maumivu, mara moja dawa ya minyoo, na kuambiwa ni kukua. Hakuna aliyejua kwamba mwenzake amekwisha kusema hivyohivyo. Karatasi za vituo zilikuwa zimepotea au kuloa mvua. Kama miezi ile saba ingekuwa imeandikwa kwenye ukurasa mmoja, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angestuka.

Andika maumivu yalianza lini, hata kama ni kwa kukadiria: "kabla ya Pasaka", "shule zilipofungwa". Andika usiku anaoamka akilia. Kilio hiki kina sababu yake. Mchana misuli iliyo karibu na kiungo kibovu hukaza na kukilinda kisisogee. Mtoto akipitiwa na usingizi misuli hulegea, kiungo husogea kidogo, naye hushtuka kwa ukelele. Asubuhi hakumbuki. Majirani watasema ni jinamizi au ni mtoto mwoga. Wewe andika.

Andika uzito kila mwezi. Andika pia nani nyumbani anakohoa zaidi ya wiki mbili, na nani ametibiwa TB katika miaka miwili iliyopita, pamoja na dada wa kazi, mjomba aliyekuja kutafuta kazi akalala sebuleni, na yule mama anayewalinda watoto mchana. Ukurasa wa mwisho jibu swali moja la Nairobi: maziwa mnanunua wapi, na mnachemsha? Iko aina ya TB ya ng'ombe inayopita kwenye maziwa mabichi, nayo hupenda tezi na mifupa. Maziwa ya kupimiwa kwenye mtungi yachemshwe hadi yapande.

Chanjo ya BCG je? Kovu kwenye mkono wa kushoto ni jambo jema, kwa sababu chanjo hiyo huwakinga watoto wadogo na TB mbaya zaidi, hasa ile ya utando wa ubongo. Lakini isikutulize. Nimewatibu watoto wenye kovu zuri kabisa.

Hatua ya 2: Mvue nguo

Hapa nazungumza na wenzangu zaidi, nami nitasema bila kupaka mafuta. Yule binti wa Kayole hakuvuliwa sweta hata mara moja katika vituo vitano. Nilipomvua, kijinundu kilikuwa wazi katikati ya mgongo, kama fundo la kidole lililosukumwa kutoka ndani.

Msimamishe mtoto na chupi tu, kwenye mwanga. Pitisha kidole polepole kutoka shingoni hadi kiunoni juu ya pingili za uti wa mgongo. Unatafuta mahali panapojitokeza, panapouma ukigonga kidogo kwa ncha ya kidole, au misuli iliyokaza upande mmoja. Tazama pembeni mwa mgongo kama kuna uvimbe laini. Kisha mlaze, uangalie kinena. Usaha wa TB ya kiuno huteremka ndani ya msuli mkubwa wa nyonga na kuja kutokea juu ya paja, mbali kabisa na mfupa uliooza. Mtoto huyo hutembea amekunja nyonga kidogo, na wengi wamepelekwa kupasuliwa ngiri ambayo haikuwapo.

Uvimbe huo hauna joto wala wekundu, ndiyo maana huitwa jipu baridi. Usiutumbue. Nitarudi kwake.

Mtoto akilalamika goti, pima nyonga. Maumivu ya nyonga husafiri hadi gotini, na nimeona magoti yaliyopigwa picha mara tatu wakati ugonjwa uko juu. Mzungushe mguu taratibu akiwa amelala chali. Nyonga yenye TB hukataa mapema, hasa kuzungukia ndani. Akiwa na shida ya shingo, utamkuta ameshika kidevu kwa viganja viwili kama mzee anayewaza, kwa sababu kichwa kimekuwa kizito kwake.

Dalili zifuatazo hazingoji kliniki ya Jumatatu. Mtoto aliyekuwa anatembea ameanza kujikwaa. Miguu imekuwa migumu au inatetemeka yenyewe ukiusukuma wayo juu. Anajikojolea ilhali alikwisha kuacha. Ganzi. Shingo kuuma pamoja na mikono kulegea. Huyo aende siku hiyohiyo hospitali kubwa yenye daktari wa mifupa au wa uti wa mgongo, na wa shingo abebwe amelala, kichwa kikishikiliwa kisiyumbe, si kukaa kwenye kiti cha nyuma cha matatu.

Hatua ya 3: Mahali pa kuanzia Nairobi

Anza kituo cha umma kilicho karibu chenye kliniki ya TB. Vipimo vya msingi na dawa za TB katika vituo vya umma Kenya ni bure, na kusajiliwa huko humwingiza mtoto katika hesabu ya mpango wa kitaifa, kwa hiyo dawa zake hupangwa. Kwa picha na daktari wa mifupa, rufaa huenda kwenye hospitali kama Mama Lucy Kibaki, Mbagathi, au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Kwa upasuaji wa mifupa ya watoto iko pia ile hospitali ya CURE iliyoko Kijabe, nje ya jiji, iliyofunguliwa mwaka 1998. Hakikisha familia imesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, kabla ya kuambiwa skani ya MRI, maana dawa kuwa bure hakumaanishi picha na kulazwa ni bure.

Mkanda-mifupa wa mtaani? Najua ni wa karibu, ni mwungwana, hupokea kidogo kidogo. Lakini pingili iliyolika haikandwi. Ni kama chaki iliyoloa. Ukiisukuma inaporomoka, na nyuma yake ndimo zinamopita neva za miguu.

Hatua ya 4: Vipimo, na kosa la chupa moja

Picha ya eksirei ya mgongo ipigwe kutoka mbele na kutoka ubavuni. Ya ubavuni ndiyo yenye habari: pingili mbili zilizopakana zimelika kwenye kingo, na nafasi kati yao imefinyika au kutoweka. Kumbuka kwamba mfupa hupoteza kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake kabla eksirei haijaonyesha lolote. Picha safi katika mwezi wa kwanza si ushahidi wa mfupa safi. Kama mtoto bado anaamka akilia, irudiwe baada ya wiki chache au aende MRI, ambayo huona mapema, huonyesha usaha ulipojificha na kama neva zimebanwa. Ukipata nafasi ya MRI, piga uti mzima, kwa sababu mara nyingine kuna kidonda cha pili mbali na kile kinachouma.

Piga pia picha ya kifua hata kama hakohoi. Pima VVU kila mtoto, bila kuchagua. Pima ESR, kipimo cha damu kinachopanda mwili ukipambana na ugonjwa: ikiwa juu inasaidia kufuatilia, ikiwa chini haifuti kitu. Kipimo cha ngozi cha Mantoux husomwa baada ya saa 48 hadi 72: uvimbe wa milimita 10 na zaidi ni chanya, na 5 hutosha kwa mtoto mwenye VVU au utapiamlo mkali. Hata hivyo chanya husema tu kwamba kijidudu kimewahi kuingia mwilini, na hasi kwa mtoto aliyekonda sana haina maana kubwa.

Uthibitisho hasa hutoka kwenye usaha au kipande cha mfupa, kinachochukuliwa kwa sindano au upasuaji mdogo. Hapa pana kosa ambalo limewagharimu watoto wengi, nalo ni dogo kama kifuniko cha chupa. Daktari anatoa kipande, muuguzi anakitumbukiza chote kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze, kama ilivyo desturi ya kipande chochote cha upasuaji. Fomalini huua kijidudu. Baada ya hapo maabara itaweza kutazama nyama kwa darubini tu. Haitaotesha chochote, kwa hiyo hutajua kama TB hii inasikia dawa za kawaida. Mtoto hapasuliwi mara ya pili kwa furaha.

Kwa hiyo chupa ni mbili. Ya kwanza safi, isiyo na dawa yoyote, sampuli ikiwa na matone ya maji ya chumvi ya hospitali ili isikauke: hii ni ya GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kijidudu, na ya kuotesha kijidudu maabara. Ya pili ndiyo yenye fomalini, ya darubini. Usaha utumwe wenyewe kwenye chupa au ndani ya bomba la sindano lililofungwa, usipakwe tu kwenye pamba. Mzazi anaruhusiwa kuuliza: "Chupa ni ngapi?" Muulize kwa adabu, lakini muulize kabla mtoto hajaingia chumba cha upasuaji.

GeneXpert hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi tangu ianze, na husema pia kama kijidudu ni sugu kwa rifampicin, dawa kuu ya TB. Kuotesha huweza kuchukua hadi wiki 6. GeneXpert hasi kwenye mfupa haiondoi TB, kwa sababu vijidudu vya mfupa ni vichache. Kama hadithi ya mtoto, mwili wake, picha na mtu anayekohoa nyumbani vyote vinasema jambo moja, tunaanza dawa huku tukingoja. Hilo si kubahatisha. Watoto wengi wa TB hutibiwa bila kijidudu kuonekana.

Kabla ya kusema ni TB

Kuna vingine vinavyofanana, na kumpa mtoto mwaka mzima wa dawa zisizomhusu ni dhuluma. Jipu la mfupa la bakteria wa kawaida lina homa kali na huja haraka. Selimundu, ambayo Nairobi tunaiona sana kwa familia zenye asili ya magharibi mwa nchi na Pwani, huvimbisha vidole vya watoto wadogo vikafanana kabisa na vya TB. Kipimo cha damu hutenganisha. Bruselosi, ambayo pia hutoka kwenye maziwa mabichi, hushambulia mgongo na nyonga. Saratani ya damu hujificha kama maumivu ya mifupa usiku, kwa hiyo hesabu kamili ya damu isirukwe. Na kama kidonda kimekula katikati ya pingili moja huku nafasi za juu na chini yake zikiwa nzima, fikiria uvimbe wa saratani kwanza.

Hatua ya 5: Dawa

Miezi 2 ya mwanzo ni dawa nne: rifampicin, isoniazid, pyrazinamide na ethambutol. Miezi 10 inayofuata ni mbili, rifampicin na isoniazid. Jumla 12. Iko tiba fupi ya miezi 4 kwa watoto wenye TB nyepesi, na wazazi wameisikia. Ya mifupa haimo. Wala ile ya miezi 6 ya mapafu.

Mwaka 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuzieneza kitaifa dawa za TB zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto, na nikikumbuka tulivyokuwa tukikata vidonge vya watu wazima kwa wembe na kusaga kwa kijiko, bado naona ni jambo la kujivunia. Kidonge kimoja kina rifampicin miligramu 75, isoniazid 50 na pyrazinamide 150. Kina ladha ya matunda, huyeyuka majini. Hesabu hufuata uzito: kilo 4 hadi 7, kidonge 1, 8 hadi 11, viwili, 12 hadi 15, vitatu, 16 hadi 24, vinne. Ethambutol ya miligramu 100 hufuata idadi hiyohiyo. Kuanzia kilo 25 anaingia dozi ya watu wazima. Hesabu ni ya kliniki kuiandika, si ya mzazi kuikadiria. Nimeiweka hapa ili uweze kugundua ikikosewa. Zaidi, pima uzito kila ziara. Mtoto anayepona hunenepa, na aliyeanza na kilo 11 akafika 13 bila dozi kupandishwa anatibiwa nusunusu.

Mpe asubuhi kabla ya chai, saa ileile kila siku. Yeyusha kwenye maji safi kidogo, anywe ndani ya dakika 10, kisha suuza kikombe kwa maji kidogo, ayanywe pia, maana dawa hubaki chini. Akitapika kila siku, ale uji kidogo kwanza. Dawa iliyofyonzwa kwa upungufu kidogo ni bora kuliko iliyo sakafuni. Apewe na pyridoxine, vitamini inayolinda neva dhidi ya isoniazid.

Mkojo utakuwa rangi ya chungwa. Mwambie mtoto mapema, na mwalimu pia. Kisichopaswa kupuuzwa ni macho ya manjano, kutapika kusikokoma na maumivu ya upande wa kulia wa tumbo: simamisha dawa, nenda kituoni siku hiyo, ini lipimwe. Ethambutol huweza kugusa macho, ni nadra kwa dozi hizi, lakini mtoto anayeanza kukosea rangi za kalamu zake aangaliwe.

Akiwa na VVU, ARV zianze ndani ya wiki 2 hivi baada ya dawa za TB kama hakuwa anazitumia, isipokuwa kama kuna dalili za TB ya ubongo. Rifampicin hupunguza nguvu ya dolutegravir, mojawapo ya ARV, kwa hiyo dolutegravir hutolewa mara mbili kwa siku hadi wiki 2 baada ya rifampicin kwisha. Kliniki mbili zisipozungumza, kosa hutokea hapo. Daftari lako ndilo lizungumze kwa niaba yao.

GeneXpert ikisema TB ni sugu, mpango hubadilika wote, na wataalamu wa TB sugu wa kaunti huingia. Siku hizi ni dawa za kumeza. Zile sindano zilizowaziba watoto masikio zimeachwa.

Wiki za kwanza zinazotisha

Maumivu hupungua katika wiki chache, usingizi hurudi, chakula hurudi. Lakini kwa wengine, hasa walioanza ARV, uvimbe huongezeka kwanza au tezi mpya hutokea. Kinga ya mwili imeamka na inapigana. Mzazi huona dawa zimeshindwa, na hapo ndipo wengi huacha. Usiache, njoo aangaliwe, kwa sababu inabidi kutofautisha amsho hilo na dawa zisizofanya kazi kweli.

Jipu baridi sasa. Mengi hukauka kwa dawa peke yake. Likiwa kubwa linalobana, hufyonzwa kwa sindano nene inayoingilia kwenye ngozi nzima kando ya uvimbe, ikipita kwa mshazari, ili njia ijifunge yenyewe. Likitumbuliwa wazi kwa wembe, tundu hukataa kupona, bakteria wengine huingia, na ugonjwa mmoja huwa mawili. Nimewapokea watoto waliotumbuliwa kwenye kibanda cha dawa. Wanakaa na bandeji nusu mwaka.

Hatua ya 6: Kitanda, mshipi na kisu

Zamani watoto hawa walilazwa miezi na miezi wakiwa ndani ya plasta. Kisha yakafanyika majaribio makubwa ya tiba Korea Kusini: huko Masan waliolazwa miezi 6 hawakupona vizuri kuliko waliotibiwa wakitembea, na huko Pusan koti la plasta halikuongeza kitu. Dawa ndizo zilizoponya. Kwa hiyo mtoto asiyekuwa na dalili za neva wala uti unaolegea, aende nyumbani. Mshipi wa mgongo hutuliza maumivu na humkumbusha asiruke kutoka juu ya ukuta. Hauzuii kibiongo peke yake.

Nyonga na goti ni kinyume kidogo. Mwanzoni kiungo hupumzishwa, nyonga ikivutwa kwa uzito ili isikauke imepinda, kisha mazoezi huanza mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ataonyesha; kazi yenyewe ni ya nyumbani, dakika chache mara kadhaa kwa siku.

Upasuaji wa mgongo una sababu zake: miguu inazidi kulegea licha ya dawa, au haijaanza kurudi baada ya wiki 3 au 4, usaha mkubwa unaobana, uti usioshikamana, au kibiongo kinachoongezeka. Hata aliyepooza ana matumaini makubwa. Wengi hurudi kutembea kama dawa zilianza mapema, na neva za mtoto zina subira kuliko za mtu mzima.

Walio nyumbani

TB ya mfupa peke yake haimwambukizi mwenzake wa dawati. Mtoto aende shule mara tu maumivu yakiruhusu, na mwalimu mkuu akitaka barua tunaiandika. Swali ni nani alimwambukiza yeye, maana huyo pengine bado anakohoa chumba kilekile. Kila aliye nyumbani apimwe. Walio chini ya miaka 5 na wenye VVU, kama hawana ugonjwa, wapewe dawa ya kinga. Kwa watoto hutumika sana rifampicin na isoniazid kwa miezi 3. Yule binti wa Kayole alikuwa na babu. Babu alikohoa miaka miwili, nao walidhani ni sigara.

Hatua ya 7: Baada ya dozi ya mwisho

Wengi hufunga daftari hapa, na ndipo kosa la mwisho linapofanyika. Mtu mzima akishapona mgongo wake hubaki ulivyo. Mtoto bado anakua. Sehemu ya nyuma ya pingili inaendelea kurefuka huku ya mbele ililiwa, basi kibiongo kinaweza kuongezeka mwaka baada ya mwaka bila kijidudu hata kimoja. Wengine, kinyume chake, hujinyoosha wenyewe kadiri wanavyokua. Huwezi kujua ni yupi kwa kumtazama.

Walio hatarini zaidi ni waliougua kabla ya miaka 10, wa kifua au pale kifua kinapokutana na kiuno, wenye pingili tatu na zaidi zilizolika. Kwenye eksirei daktari hutafuta ishara nne: viungo vidogo vya nyuma vya uti vimeachana, kipande cha pingili kimesukumwa nyuma, pingili zimehama pembeni, au ile ya juu imeinamia mbele ikiiangukia ya chini. Mbili zikionekana, azungumze na mpasuaji sasa, kabla kibiongo hakijawa kikubwa, kwani kunyoosha mgongo uliokwisha kupinda ni upasuaji wa hatari kuliko kuushikilia usipinde.

Kwa hiyo eksirei ya ubavuni irudiwe kila miezi 6 kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kila mwaka hadi aache kurefuka. Kila picha isomwe kando ya ile iliyotangulia. Picha zihifadhiwe bapa kwenye bahasha yake, zisikunjwe wala zisitumbukizwe chini ya godoro la mtoto anayekojoa kitandani, na kama umepewa kwa CD, omba pia ile iliyochapwa. Siku ya kliniki bahasha nzima iende pamoja na daftari, na mfukoni sarafu moja ya shilingi kumi.